Usahaulifu wa Bibi Si Ushahidi wa Sumu

Somo la leo halimo katika vitabu vyako vya sarufi wala vya fasihi, lakini linamhusu kila mwanafunzi mwenye bibi au babu nyumbani. Hapa Arua na kule Koboko, mzee anapoanza kusahau majina ya wanawe, au kutoka nje usiku wa manane akilitafuta soko lililofungwa tangu magharibi, au kumshutumu mkaza mwana wake kwamba ameiba fedha ambazo yeye mwenyewe amezificha chini ya godoro, hukumu hutolewa upesi. Wa kwanza husema mzee amelishwa sumu. Wa pili husema yeye ndiye mwenye sumu, na sasa imemrudia. Wa tatu, anayejiona mwungwana kuliko wenzake, husema, "Uzee tu huo, mwacheni." Hoja yangu ni fupi: wote watatu wamekosea, na kosa lao hudhulumu watu wasio na hatia.

Tuanze na jina la ugonjwa, kwa maana jambo lisilo na jina hupewa jina la adui. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya Frankfurt, Ujerumani, alipokewa mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alisahau alichoambiwa muda mfupi uliopita, alimshuku mumewe, alipotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika majibu yake. Mwanamke yule alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta madonge ya uchafu kati ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mwaka huo huo aliwaeleza madaktari wenzake habari hizo mjini Tübingen, na ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake.

Sasa zitazame tena dalili zile: kusahau, kushuku, kupotea nyumbani. Ndizo zile zile zinazomfanya bibi wa Koboko anyoshewe kidole. Je, nani alimlisha sumu Auguste Deter? Ni mke mwenza gani wa Kilugbara aliyevuka bahari kumtilia kitu katika chai? Ikiwa dalili moja huonekana Frankfurt na Koboko, basi chanzo chake tukitafute katika kile walichonacho watu wote wa miji hiyo miwili, nacho ni ubongo wa binadamu.

Kupungukiwa na kumbukumbu na akili kwa sababu ya maradhi ya ubongo huitwa demensia, na ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo chake kikubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70 ya hali hizo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Wala asikudanganye yule wa tatu kwamba ni uzee tu. Wapo wazee wanaofika miaka 80 na 90 wakiweza kukutajia nasaba ya ukoo vizazi saba bila kukosea. Umri huongeza hatari, lakini kuzeeka si kupotewa na akili.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, maana kuna jambo ambalo wanaotoa shutuma hawalijui. Katika ugonjwa huu yupo kweli mshukiwa aliye karibu mno na mgonjwa, ila si mkaza mwana wala jirani. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Mmoja wa washukiwa ni mfumo wa kinga wa mwili wenyewe.

Kinga, kama ujuavyo, ni kizuizi dhidi ya madhara. Mwili una askari wake: chembe nyeupe za damu na protini ziitwazo kingamwili, zinazopambana na vijidudu. Ubongo nao una walinzi wake wa pekee waitwao maikroglia, ambao mwanasayansi wa Hispania, Pío del Río Hortega, aliwaeleza waziwazi mwaka 1919. Walinzi hawa hupiga doria mchana na usiku. Hufagia mabaki, hula vijidudu, na hupogoa miunganiko ya neva isiyohitajika, kama mkulima apogoavyo mbuni ili uzae vizuri.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini iitwayo amiloidi hujikusanya kati ya seli za ubongo na kufanya yale madonge aliyoyaona daktari. Maikroglia huyazingira. Mwanzoni kazi hiyo ni ya heri, kwani huyazuia yasitawanye madhara. Lakini miaka inapopita na madonge yasiishe, baadhi ya walinzi huchoka, na wengine hubaki na hasira isiyopoa. Humwaga kemikali zinazochoma, na hali hiyo huitwa mcharuko. Mwishowe huharibu hata miunganiko iliyo mizima, ile inayobeba majina ya watoto na njia ya kurudi nyumbani. Ni kama mgambo waliotumwa kumkamata mwizi mmoja, wakaishia kuteketeza kijiji kizima.

Huenda ukauliza: twajuaje kwamba walinzi hao wanahusika, na si mashahidi tu waliokutwa penye tukio? Swali zuri, na laiti wanaotoa shutuma za uchawi nao wangejiuliza swali kama hilo! Ushahidi mmoja unatoka katika jeni. Mwaka 2013 watafiti walichapisha habari za badiliko adimu katika jeni iitwayo TREM2, ambayo ndani ya ubongo hutumiwa hasa na maikroglia. Mtu mwenye badiliko hilo ana hatari ya kupata Alzheimer mara mbili hadi nne kuliko asiye nalo. Jeni ya walinzi ikiharibika, ugonjwa hukaribia. Hivyo basi ulinzi dhaifu hudhuru, na ulinzi uliopindukia mpaka hudhuru pia.

Tuje sasa kwa wanawake na wanaume. Nchini Marekani, karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa Alzheimer ni wanawake. Sababu mojawapo ni kwamba wanawake huishi muda mrefu zaidi, lakini watafiti wengi hawaamini kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Kinga ya mwanamke kwa kawaida ni kali kuliko ya mwanamume. Aghalabu huitikia chanjo kwa nguvu zaidi. Na katika maradhi ambayo kinga huushambulia mwili wake yenyewe, takriban wagonjwa wanne kati ya watano ni wanawake. Kromosomu ya X hubeba jeni nyingi za kinga. Mwanamke anazo mbili, na ingawa moja hunyamazishwa katika kila seli, baadhi ya jeni zake hukataa kunyamaza. Tena homoni ya estrojeni, ambayo husaidia kuutuliza mcharuko, hushuka sana hedhi inapokoma. Ipo pia jeni iitwayo APOE4, inayoongeza hatari kwa wote. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kati ya miaka 65 na 75, wanawake wenye jeni hiyo walikuwa katika hatari kubwa kuliko wanaume walio nayo.

Wanaume nao hawakusamehewa. Kadiri mwanamume anavyozeeka, baadhi ya seli zake za damu hupoteza kromosomu ya Y, na seli hizo ni pamoja na askari wa kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliuhusisha upotevu huo na ugonjwa wa Alzheimer. Babu na bibi wanaweza kufika kwenye giza moja kwa njia mbili tofauti.

Mfano mwingine utakuvutia, kwa kuwa unahusu maradhi ambayo Kiswahili kimeyapa jina la kiaskari: mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga hujificha katika neva tangu utotoni, kisha kinga inapolegea huibuka tena na kufanya malengelenge yanayouzunguka mwili kama mkanda. Huko Wales, chanjo ya mkanda wa jeshi ilianza kutolewa Septemba 2013 kwa sharti la tarehe ya kuzaliwa. Waliozaliwa kabla ya tarehe 2 Septemba 1933 hawakuruhusiwa. Waliozaliwa siku hiyo au baadaye waliruhusiwa. Watu waliopishana kwa siku chache tu wakajikuta pande mbili za mstari. Watafiti waliwalinganisha, na mwaka 2025 wakachapisha matokeo: katika muda wa miaka saba, chanjo ilipunguza demensia kwa takriban sehemu moja ya tano, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa wanawake. Haijathibitika bado ni kwa njia gani. Lakini iwapo kuichokoza kinga kwa sindano kunaweza kuubadilisha mwenendo wa ugonjwa wa ubongo, basi anayeendelea kutafuta sumu kwenye kibuyu cha jirani anachunguza mahali pasipo na jibu.

Sasa niwageukie wanaotoa shutuma. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, aliandika kwamba mwanamume mzee alishukiwa kwa uchawi wa kijicho, na mwanamke alishukiwa kwa sumu ya siri iitwayo enyanya. Angalia basi: jamii ina maelezo mawili, moja la mwanamume na moja la mwanamke. Sayansi nayo ina maelezo mawili. Tofauti yake ni hii, kwamba maelezo ya sayansi hutafuta chanzo, na yale ya kijiji hutafuta mkosaji. Na mkosaji apatikanaye ni nani? Aghalabu ni mjane asiye na mtetezi, mwenye kipande cha ardhi ambacho mtu fulani anakitamani.

Wala haya si ya West Nile peke yetu. Oktoba 2021 huko Marani, katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, wanawake wanne wa makamo na wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, ni wanaume wazee wenye mvi ambao huandamwa mara nyingi, na nyuma ya tuhuma hukutwa ugomvi wa urithi wa ardhi. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni ambako waliwapikia hao hao waliowaua. Kiumbe anayesema na marehemu mumewe, anayezungukazunguka uani kwa jirani saa nane za usiku bila kujua alipo, anajitetea vipi mbele ya umati? Ukimwuliza, "Je, ulifanya?" huenda akajibu "Ndiyo" kwa kuwa hakulielewa swali. Ungamo la mtu asiyejua leo ni siku gani si ungamo.

Sheria ya nchi yetu haijanyamaza. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na ibara ya 24 yakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Soma pia kesi ya Salvatori Abuki na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Chini ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957, Abuki alifungwa, kisha akaamriwa kukaa mbali na nyumba yake kwa miaka 10. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kumfukuza mtu kwake namna hiyo kunakiuka Katiba. Ikiwa hata hakimu aliyeapa hana mamlaka ya kumfukuza mtu nyumbani kwa jina la uchawi, je, mkutano wa chini ya mwembe umeyapata wapi mamlaka hayo?

Nazijua hoja zinazopinga. Wengine husema: hii ni elimu ya kigeni, nasi tuna mila zetu. Nami nauliza: ni mila ipi ya Kilugbara au ya Kikakwa iliyofundisha kumtupa mama mzazi? Mila ninazozijua hummegea mzee kwanza, na hungoja aseme kwanza. Anayemfukuza mama yake ameivunja mila, kisha amejificha nyuma yake.

Wengine husema: ugonjwa wenyewe hauna tiba, basi twende hospitali kufanya nini? Ni kweli kwamba tiba ya kuuondoa haipo. Dawa mpya za kingamwili kama lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, huupunguza tu mwendo wa ugonjwa, na bei yake huko ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka. Hilo si suluhisho la Koboko. Lakini si kila usahaulifu ni Alzheimer. Sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende ya muda mrefu, virusi vya UKIMWI, hata malaria na maambukizi ya mkojo, yote yanaweza kumvuruga mzee akili, na mengi kati yake hutibika. Kila bibi aliyepelekwa kwa mpiga ramli badala ya kwa daktari huenda alikuwa na maradhi yaliyohitaji vidonge tu.

Tena kinga ni bora kuliko tiba. Tume ya jarida la Lancet, mwaka 2024, ilitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake yamo elimu duni ya utotoni, shinikizo la damu, kisukari, kupoteza usikivu, uvutaji wa sigara, ulevi, hewa chafu na upweke. Sikia vizuri: elimu duni ya utotoni. Msichana anayetolewa shule leo ili akachote maji anaongezewa hatari ya miaka 60 ijayo. Na upweke umo katika orodha. Mnapomtenga bibi mnauongeza ugonjwa ule ule mnaomlaumu nao.

Serikali nayo haiwezi kukaa kimya. Malengo ya Taifa ndani ya Katiba yanaiamuru kuweka mpango wa kuridhisha wa ustawi na matunzo ya wazee. Ruzuku ya SAGE ya shilingi 25,000 kwa mwezi ni jambo jema, lakini ilipotandazwa nchi nzima iliwekewa umri wa miaka 80 na zaidi, nayo hutegemea kitambulisho cha taifa. Mjane wa miaka 70 aliyekwisha kuusahau mwaka wake wa kuzaliwa atasimama katika foleni ipi? Tangu mwaka 2021 Bunge lina wawakilishi watano wa wazee. Tuwaulize. Na tuwaulize watafiti pia, kwa kuwa hatuwezi kukopa takwimu za wengine kama tunavyokopa chumvi kwa jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba Alzheimer iliwapata Wayoruba wa Ibadan kwa kiwango kisichofika nusu ya kile cha Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kama Ibadan na Indianapolis zimetofautiana hivyo, bibi wa Arua anastahili kuhesabiwa kwake Arua.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, na ndiyo maana nakuandikia wewe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kukitekeleza Kiswahili kama lugha rasmi na kukifundisha shuleni. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Katika kituo kimoja cha afya watakutana Mkakwa, Mlugbara, Mnubi na mkimbizi wa Kikongo kutoka Lobule, na lugha watakayosikilizana kwayo mara nyingi ni hii unayojifunza. Kama twajua kusema "sumu" na "mchawi" kwa Kiswahili fasaha lakini hatujui kusema "ugonjwa wa ubongo", basi lugha yetu itakuwa imetumika kushtaki tu.

Kwa hiyo nakupa kazi, na haitasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Jifunze sentensi hii hata uweze kuisema bila kutetemeka: "Huyu ni mgonjwa, apelekwe kituo cha afya." Iseme kwa mjomba anayedai mapato ya ramli. Iseme kwa mwenyekiti wa LC1 kabla mkutano haujaanza, na kwa mhudumu wa afya wa kijiji, umwombe aje. Kisha nenda ukamsaidie anayemlea mgonjwa. Dunia nzima, wanawake hutoa asilimia 70 ya saa za kuwatunza watu wenye demensia, na kwetu mzigo huo huwaangukia wasichana. Ewe mvulana, jembe na mpira vinaweza kungoja saa moja. Mlishe babu yako uji, dada yako afanye hesabu zake.

Na siku bibi atakapokuita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, usimbishie wala usiogope. Itika.